Sauti Iliyosubiri Marahaba

Enzi hizo stendi kuu ya mabasi ilikuwa bado katikati ya mji, haijahamishiwa huko nje kwenye vumbi, na asubuhi uliisikia kabla hujaiona. Honi zilipigwa bila sababu, makondakta waligombea abiria, mabegi yaliburuzwa kwenye saruji, wauza maji walipita wakigonga chupa. Juu ya kelele zote hizo, kutoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo, ilisikika sauti ya mwanamke mmoja aliyezungumza taratibu, utadhani mji mzima haukuwa na mtu mwenye haraka.

"Abiria wa mlango wa nne, gari lenu linawasha injini. Wazee wetu na akina mama wenye watoto tuwapishe wapande kwanza. Na wewe kaka wa shati la bluu uliyesimama kwenye njia ya magari, tunakupenda, lakini sogea."

Watu wakacheka. Kaka wa shati la bluu akaruka pembeni, akainua uso kutafuta sauti inatoka wapi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa mgongoni, begani ana mkoba wa kompyuta. Mfukoni alikuwa na tiketi ya gari hilo hilo la mlango wa nne. Lilikuwa limpeleke mji mwingine kwenye usaili wa kazi ya kuajiriwa, maana kampuni yake changa ilikuwa inakata roho, naye alishaamua kuizika. Gari likaondoka. Wakati huo yeye alikuwa anapanda ngazi za chuma kuelekea kibanda cha vioo kilichokuwa juu ya ofisi za tiketi.

Sisi tulioijua stendi ile tulimjua pia mwenye sauti. Makondakta walimbandika jina la Spika, likamkaa mpaka mama yake mzazi akawa analitumia. Siku hiyo alivaa gauni la njano lenye vidoti vyeupe na kilemba cha rangi ya udongo, na viatu amevivua chini ya meza, miguu inapumzika kwenye sakafu ya baridi.

"Abiria hawaruhusiwi huku," alisema bila kugeuka.

"Mimi si abiria tena. Gari limeniacha."

"Limekuacha, au umeliacha? Nimekutangazia mpaka koo limekauka."

"Hilo koo ndilo nililolifuata."

Hapo akageuka. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akarudi tena juu. "Kaka yangu, uko mzima kweli?"

"Mzima. Nina dada yangu ni nesi kwenye kliniki ya presha na sukari..."

"Afadhali. Akupime."

"Nisikilize kwanza basi! Wagonjwa wake wanasahau dawa. Si ubishi, wanasahau tu. Mtu anajisikia vizuri wiki nzima, vidonge vinabaki kwenye pakiti, halafu siku moja analetwa amebebwa. Sasa mimi nimetengeneza mtambo. Kila asubuhi unawapigia simu wote, unawakumbusha. Aliyemeza anabonyeza moja. Asiyebonyeza, dada anapata jina lake, anamtafuta."

"Kazi nzuri. Tatizo liko wapi?"

"Wanakata simu."

Akatoa simu yake, akamsikilizisha. Ikatoka sauti nzito ya kiume: huu ni ukumbusho, meza dawa yako sasa, bonyeza moja.

Spika alicheka mpaka akashika meza. "Huyu nani, askari?"

"Ni mimi."

"Oo. Pole." Akajifuta machozi. "Sasa sikia. Unampigia mtu mzima asubuhi, hujamwamkia, hujamuuliza amelalaje, unamwambia meza dawa. Mimi ningekata. Mama yangu asingekata, angekutukana kwanza ndipo akate."

"Sasa mtambo utamwamkiaje mtu?"

"Utasema shikamoo."

"Halafu?"

"Halafu unyamaze, uitikiwe! Kwani wewe ukimwamkia mtu mzima huwa unakimbia?"

Kijana alikuwa amekesha kwa miezi akirekebisha mitambo, akilaumu mtandao, akiwalaumu wazee, na jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Yeye mwenyewe asingethubutu kumpita mama yake mlangoni bila kuamkia.

"Niazime sauti yako," alisema.

"Sauti haiazimwi."

"Basi nikununulie chai tuzungumze."

Kabla hajajibiwa, kelele zikapanda kutoka chini. Kondakta mmoja alikuwa amening'inia mlangoni mwa gari lake, kiganja pembeni mwa mdomo. "Spika! Kubali chai, dada yetu! Tunachelewa!"

Spika akatazama meza. Taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa inawaka muda wote. Stendi nzima ilikuwa imesikia, kuanzia koo lililokauka mpaka chai. Akaziba uso kwa viganja vyote viwili, na kijana akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Chai ikanywewa, kwa sababu baada ya aibu ile hapakuwa na namna ya kukataa.

Siku hizi wanaozungumzia kampuni changa huanza na majengo ya vioo, mashindano ya wabunifu na vijana waliopiga picha wamekunja mikono. Kampuni yao ilianzia kwenye chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kuta zake zilikuwa magodoro. Waliyaazima kwa majirani ili kuzuia kelele za barabarani, na jioni waliyarudisha ili wenyewe wapate pa kulala. Feni ilizimwa, maana kipaza sauti kilinasa mngurumo wake. Spika alikaa katikati ya joto lile akitokwa jasho, na Injinia, kama alivyozoea kumwita, alimpepea kwa kipande cha boksi, taratibu, asije akasikika naye.

Mtu wa tatu wa kampuni alikuwa dada yake Injinia, ambaye mji mzima ulimwita Dada Nesi. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye maneno makali na mikono laini, na ndiye aliyejua nini kisemwe kwa nani. Alikuja baada ya zamu, akavua viatu, akalala kwenye godoro moja lililobaki chini na kutoa amri akiwa amefumba macho.

"Usiseme 'usipomeza dawa utapata kiharusi'. Unawatisha. Sema 'dawa yako inakungoja'."

"Dawa yako inakungoja, bibi," alirudia Spika.

"Hapo sawa. Hapo hata mimi nimetamani kumeza."

Mtambo ulijua umri wa kila mtu, hivyo ulijua nani wa kuamkiwa na nani wa kuulizwa habari za asubuhi. Spika alirekodi majina ya nusu ya mji, moja baada ya jingine, ili kila mtu aitwe kwa jina lake. Lakini kazi kubwa ilikuwa ule ukimya baada ya shikamoo. Injinia alitaka uwe mfupi. Spika alikataa.

"Haya, jifanye wewe ni bibi yangu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Mbona umekonda hivyo? Hao watu wa stendi hawakupi chakula?"

"Umeona? Bibi hana haraka. Ongeza."

Akaongeza. Asubuhi ya kwanza walikaa watatu wakisikiliza, wameshikana mikono bila kujua nani amemshika nani. Simu ikaita kwa mzee mmoja fundi viatu. Sauti ya Spika ikasema shikamoo baba, ikanyamaza. Wakasikia mzee akikohoa. "Marahaba, mwanangu. Haya, najua, nameza sasa hivi, usinigombeze." Kisha mlio wa kitufe. Dada Nesi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alitoka nje kwenda kupenga kamasi.

Ndani ya mwaka mmoja benchi la wagonjwa wanaoletwa wamebebwa lilipungua watu. Kliniki nyingine zikaomba. Kampuni kubwa, zenye maghorofa na walinzi getini, zikatuma watu kuuliza siri ni nini, nao waliondoka wameandika maneno marefu yote isipokuwa lile la kuamkia.

Na mapenzi? Mapenzi yalianza kwenye magodoro yale yale, ila msifikirie vibaya, yalianza kwa kazi.

"Sema 'pole na uchovu'," Injinia aliagiza jioni moja.

"Pole na uchovu."

"Sema 'nakusubiri kliniki'."

"Nakusubiri kliniki."

"Sema 'nakupenda'."

Spika akamtazama juu ya kipaza sauti. "Hiyo nayo ni ya wagonjwa?"

"Ni ya mgonjwa mmoja tu."

"Huyo mgonjwa anywe maji mengi alale, itapita."

Haikupita. Tangu siku ile kila asubuhi Injinia alipigiwa simu yake ya peke yake, kutoka kibandani, kabla gari la kwanza halijatoka. "Shikamoo babu," sauti ilisema. "Umekunywa chai? Kama umekunywa, bonyeza moja. Kama umenikumbuka, bonyeza mbili."

"Nimebonyeza mbili mpaka kitufe kimezama, mpenzi."

"Uongo huo. Nenda kanyooshe shati mgongoni."

Hizo ndizo siku ambazo wote wawili wangezitamani baadaye, ingawa wakati huo walikuwa wanalalamika joto.

Kampuni ikakua. Spika akaaga stendi, makondakta wakampigia honi za kumsindikiza. Chumba cha magodoro kikaachwa, wakahamia ofisi yenye kapeti na kiyoyozi, na pamoja na fedha za kukua akaja mwekezaji. Alikuwa mtu mtanashati, viatu vinang'aa, manukato yanatangulia kuingia. Kila sentensi yake ilikuwa na neno mkakati, basi Dada Nesi akamwita Bwana Mkakati, naye akadhani ni sifa.

Bwana Mkakati alipitia mahesabu akagundua ule ukimya. Simu zote zile, kila siku, zinalipiwa huku hakuna anayesema neno! "Tunalipia watu wakohoe," alisema. "Kimkakati, hili liondoke."

Injinia alibisha, haki yake tumpe. Alibisha siku nyingi. Lakini alionyeshwa waziwazi kwamba akikataa fedha zitaondoka, na zikiondoka kliniki za miji mingine hazitafikiwa, na wazee wa huko wataendelea kuletwa wamebebwa. Akapima wengi dhidi ya kikohozi. Akakata. Shikamoo ikabaki, ukimya ukaondoka.

Alitaka kumwambia Spika siku hiyo hiyo. Jioni alimkuta amefurahi, ameshona gauni jipya la rangi ya zambarau kwa ajili ya siku atakayompeleka Injinia kwa mama yake, akatambulishwe. Akasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Alijua jibu litakuwa hapana, na alijua kwamba hapana hiyo itakuwa ya haki, ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito.

Mama yake Spika alikaa nyumba ya vyumba viwili, yenye ua na bomba la maji. Alikuwa mjane, fundi wa mashuka ya kudarizi, mwenye presha na masikio yaliyoanza kuchoka, ndiyo maana simu yake siku zote ilikuwa kwenye spika kubwa. Spika alikuwa amepita kumsalimia asubuhi moja simu ilipoita juu ya meza.

"Shikamoo mama dawa yako inakungoja meza sasa kisha bonyeza moja."

"Mara..." alianza mama, akafunga mdomo. Akabonyeza. Akameza kidonge kwa maji. Akarudi kwenye sindano yake bila kumtazama binti yake.

"Mama, umekasirika?"

"Nikasirike nini? Siku hizi unaniamkia na kuondoka. Umekuwa mtu wa shughuli."

"Mama, ile ni mashine."

"Najua ni mashine, sijazeeka kiasi hicho. Lakini sauti ni yako, na wewe nimekulea mimi. Jirani hapo naye kaniuliza, huyu binti yako kapatwa na nini. Nikakosa la kumjibu."

Spika hakukumbuka alivyofika ofisini. Alimkuta Injinia amekaa na Bwana Mkakati, akasimama mlangoni, kilemba kimelegea, gauni lina vumbi la barabarani.

"Umekata lini?"

Injinia akasimama. Hakuuliza kukata nini. "Mpenzi, nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Muda kidogo."

"Muda kidogo! Kwa hiyo muda wote huo mimi nazunguka mji mzima nikiwakosea adabu watu wazima, na wewe unaniangalia tunakula pamoja, tunacheka pamoja?"

"Kimkakati, dada yangu..." Bwana Mkakati alianza.

"Wewe nyamaza, sijakufikia." Akamgeukia tena Injinia, na sasa sauti ile iliyotuliza stendi ilikuwa inatetemeka. "Ungeniibia pesa ningekusamehe, ningesema ni shida. Umechukua sauti yangu ukamfanyia mama yangu jeuri. Nitolee sauti yangu humo."

"Yote?"

"Yote."

Akaondoka. Moyoni, ngoja tuseme ukweli, alikuwa anasubiri hatua za nyuma yake. Alitaka afuatwe ngazini, ashikwe mkono, aambiwe nimekosa, narudisha ule ukimya sasa hivi. Alipunguza mwendo kwa makusudi. Hakuna aliyekuja.

Injinia alikuwa amebaki pale pale. Tangu amfahamu hakuwahi kumsikia Spika akisema neno asilolimaanisha. Kila mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa kuweka nakala, na yeye alikuwa nazo, zimehifadhiwa huku na kule. Alizitafuta zote. Alifuta shikamoo zote, majina yote, dawa yako inakungoja, pole na uchovu. Alipofika kwenye zile za kwanza kabisa alizisikiliza mara moja tu, mvua ikipiga bati na Spika akicheka kwamba jasho limemwingia jichoni, kisha akafuta na hizo. Alidhani hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumheshimu.

Bwana Mkakati kesho yake alileta msichana wa redioni, mwenye sauti nzuri tu. Injinia akakataa. Bwana Mkakati akachukua fedha zake na manukato yake akaenda.

Spika hakuyajua hayo. Alirudi kibandani kwake stendi, akatangaza magari, na aliporudi nyumbani alitazama simu isiyoita. Aliamini kwamba sauti nyingine imeshawekwa na mambo yanaendelea, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba nafasi yake ilizibwa kirahisi namna hiyo. Injinia naye, katika ofisi iliyobaki na kapeti peke yake, alishika simu na kuiweka chini. Mtu aliyeondoa sauti yake yote maishani mwako, utampigia umwambie nini?

Simu iliyoita hatimaye ilikuwa ya kibandani, katikati ya asubuhi, na aliyepiga alikuwa Dada Nesi.

"Mwambie mwenzako akushikie hicho kipaza sauti, uje kliniki. Mama yako ameanguka bombani. Usipige kelele, yuko hai, anazungumza, ameshanigombeza. Njoo."

Alimkuta mama amelala, mkono umefungwa kifaa cha kupimia presha, uso umechoka. Mama akamshika kidole. "Nilisahau," alisema kwa aibu, sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. "Hukunipigia, nikasema labda leo si siku ya dawa. Na kesho yake nikasema hivyo hivyo."

"Hawakukupigia kabisa? Hata mtu mwingine?"

"Nani mwingine?"

Spika alitoka nje ya wodi akiwa haelewi. Kwenye korido benchi lilikuwa limejaa wazee, wengine wameegemea ukuta, wengine wameshikwa na watoto wao. Injinia alikuwa amesimama mwisho wa benchi, ameitwa naye, shati limekunjamana mbele na nyuma. Dada Nesi akawasimamisha wote wawili ukutani akawapa vidonge vyao.

"Waangalieni vizuri. Wewe ulisema afute, na wewe ukafuta. Mmepeana adhabu nyie kwa nyie, walioanguka ni hawa. Sasa mimi narudi kwa wagonjwa wangu. Nikitoka humo nikute mmezungumza kama watu wazima, la sivyo nawachoma sindano wote wawili, tena ile kubwa."

Akaingia wodini.

"Nilidhani umeweka sauti nyingine," alisema Spika.

"Nililetewa. Nikakataa."

"Kwa nini?"

"Nimweke mtu mwingine mahali pako, halafu siku nikikutana na wewe nikuambie nini?"

"Ungeniambia nirudi!"

"Ulisema yote."

"Nilikuwa na hasira! Nilitaka ubishe. Ubishe kidogo tu, mwanamume wewe, hata mpaka kwenye ngazi!"

"Sikujua." Akapangusa uso. "Sikia. Kukata ule ukimya lilikuwa kosa, lakini pale nilikuwa na sababu, nilikuwa nawafikiria wa miji mingine. Kosa lisilo na sababu ni kukuficha. Nilijua utakataa, na nilijua una haki, kwa hiyo nikaona bora usijue. Nisamehe kwa hilo. Na kwa mama."

Mzee mmoja kwenye benchi alikuwa anawasikiliza bila kujificha, akitikisa kichwa.

"Basi rudisha. Weka ule ukimya wetu, turudishe simu leo."

"Hakuna cha kurudisha. Nilifuta kila kitu."

"Hata zile za magodoro?"

"Hata zile."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa ajili ya mvua ile juu ya bati, na jasho, na kipande cha boksi kilichompepea, na msichana wa gauni la njano ambaye sauti yake haikuwa tena mahali popote duniani. Injinia akamkumbatia pale pale koridoni mbele ya wagonjwa. Sauti mnayoisikia asubuhi kwenye simu zenu siku hizi ni ya pili, ilirekodiwa baadaye, kwa uangalifu, na ukimya wake upo. Ni nzuri. Lakini sisi tuliosikia ya kwanza tunajua kwamba ilikuwa na kicheko kidogo ndani yake ambacho hakikurudi.

Spika akajitoa mikononi mwake, akajifuta kwa ncha ya kilemba. "Kurekodi upya kutachukua wiki ngapi?"

"Nyingi."

"Na kesho asubuhi hawa watapigiwa na nani?"

"Hakuna."

"Hapana," alisema Spika. "Mimi nipo. Leta simu."

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, kati ya maboksi ya pamba na mizani ya watoto, walikaa Spika, Injinia, Dada Nesi na manesi wawili waliokuwa mapumzikoni, kila mmoja na simu, wakipiga kwa mkono kile mtambo ulichokuwa ukipiga kwa kufumba na kufumbua. Ilikuwa kazi ya kichaa. Wazee, walipogundua kwamba safari hii kuna mtu wa kweli upande wa pili, hawakuachia simu. Walieleza magoti, wajukuu, paa linalovuja. Fundi viatu alitaka kujua Spika alikuwa wapi muda wote huo. Bibi mmoja alikataa kumeza mpaka aimbiwe, akaimbiwa. Injinia aliamkia watu mpaka ulimi ukawa mzito, na kila mara alisubiri, na kila mara ilimshangaza jinsi watu walivyokuwa na mengi ya kusema pale ambapo yeye alikuwa ameona hasara.

Jua lilikuwa limeshapanda na sauti ya Spika imebaki mkwaruzo alipompigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshameza, usihangaike. Sauti imekwenda wapi?"

"Imewaishia wenzako, mama."

"Huyo kijana yuko hapo?"

Spika akamtazama Injinia. "Yupo."

"Mpe simu."

Injinia akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo mama."

Kimya. Jogoo aliwika huko uani. Sindano ikasikika ikiwekwa mezani. Dada Nesi akaacha simu yake ikiita mkononi. Jasho likamtoka Injinia kwenye chumba ambacho hakikuwa na joto lolote, na mama hakuitikia, na Injinia hakuthubutu kusema neno jingine.

"Marahaba," alisema mama hatimaye. "Umeona inavyokuwa mtu akikuacha hivyo?"

"Nimeona, mama. Nisamehe."

"Nimekusikia. Haya, unataka nini kwa mwanangu?"

Hakuwa amejiandaa. Alitazama kilemba kilicholegea, macho mekundu, koo lililokuwa linameza maji ya uvuguvugu. "Nataka kumuoa, mama."

"Jambo kama hilo unanieleza kwenye simu?" Mama alipandisha sauti mpaka manesi wakasikia. "Uje hapa na wazazi wako, ukae kwenye kiti, useme nikiuona uso wako. Mimi usiniletee mambo ya mitambo." Akakata.

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Dada Nesi alikuwa tayari anampigia mama yao. Spika peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, mkono kiunoni.

"Mama yangu umemuuliza," alisema kwa ule mkwaruzo wake. "Mimi je? Mimi hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa. Utakubali nikuoe?"

"Subiri. Kuna wazee hawajameza dawa."

Akavuta simu, akapiga namba iliyofuata. Ikaita muda mrefu, ikapokelewa. "Shikamoo babu," alisema, akanyamaza kama inavyotakiwa. Na akiwa anasubiri kuitikiwa, aliziba simu kwa kiganja, akamgeukia Injinia.

"Nimekubali," alinong'ona, akarudisha simu sikioni.